Jicho la Aliyekaa Mkabala

Neno la juma: Wagalatia 6:1-2

Wapendwa katika Kristo, Bwana asifiwe.

Mtume Paulo anawaagiza Wagalatia kwamba mtu akighafilika katika kosa lolote, wale walio wa Roho wamrejeze upya kwa roho ya upole, kila mmoja akijiangalia nafsi yake asije naye akajaribiwa. Papo hapo anaongeza kwamba wachukuliane mizigo, na kwa kufanya hivyo wataitimiza sheria ya Kristo. Sisi tumezoea kuzitenganisha aya hizi, ile ya kwanza tukaiweka kwenye nidhamu ya kanisa na ile ya pili kwenye michango ya misiba, ilhali Mtume amezifuatanisha makusudi. Juma hili nawaalika tuzisome pamoja, tukiwa tumekaa na akina mama wanaofuma sweta.

Hapa Kabale, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, sweta si pambo. Asubuhi za Juni na Julai ukungu hulala mabondeni, na mwendesha boda boda, mwanafunzi na mama wa sokoni wote huwa wamejifunika. Wengi wa akina mama ninaowasema hawafumi kwa ajili ya kuuza. Hufuma kwa kupenda, kazi za shamba na jiko zikiisha, na wanapokutana huzungumza Kiswahili, kwa kuwa yumo aliyetoka Kisoro, yumo aliyevuka mpaka wa Bunagana akikimbia vita vya Kongo, na yumo mke wa askari aliyelelewa Arua. Uzi wao mara nyingi hutoka kwenye sweta za mitumba. Mama mzoefu huigeuza sweta nje ndani kabla ya kulipa, akaukagua mshono wa ubavuni: ikiwa kila kipande kilifumwa kwa umbo lake ndipo vikaunganishwa, uzi utafumuka mrefu bila kukatika, lakini ikiwa kitambaa kilikatwa kwa mkasi ndipo kikashonwa kwa mashine, ataambulia vipande vifupi visivyofaa kitu.

Anayefuma kwa sindano mbili huenda mstari mmoja na kurudi mwingine. Katika mstari wa kwenda huutazama uso wa kazi yake, na katika mstari wa kurudi hutazama mgongo wake, uso ukiwa umemgeukia yule aliyekaa mbele yake. Kwa hiyo katika nusu ya kazi yote, mtu aliyekaa mkabala ndiye anayeiona sweta jinsi itakavyoonekana ikivaliwa, na mfumaji mwenyewe haioni. Si kwamba huyo wa mkabala ana ujuzi zaidi au ni mtakatifu zaidi. Amekaa tu mahali ambapo jambo linaonekana. Naamini Mungu alikusudia hivyo hivyo alipotuweka katika ushirika, wala hakumwachia mtu kazi ya kujikagua peke yake.

Anachokiona mara nyingi ni kitanzi kilichodondoka. Kitanzi kikichomoka kwenye sindano mwenyewe asijue, hakitulii mahali pake. Kila kitambaa kinapovutwa, hufungua kilicho chini yake, nacho hufungua kinachofuata, mpaka panatokea ngazi ndefu katikati ya kifua cha sweta. Kikionwa mapema, mtu huchukua sindano ya kroshia, ile yenye ndoano nchani, hukinasa, hupitisha ndani yake nyuzi za ile ngazi moja baada ya nyingine kutoka chini kwenda juu, kisha hukirudisha kwenye sindano, na hakuna kilichofumuliwa.

Nilipata kumwona mama mmoja mtu mzima alipokiona kitanzi cha namna hiyo katika sweta ya mtoto aliyokuwa akiifuma dada mmoja kijana. Hakupaza sauti wengine wasikie. Alisubiri dada yule amalize mstari wake, maana kazi iliyositishwa katikati ya mstari huchomoka kwa urahisi, kisha akasogeza kiti chake hadi ubavuni mwake, akasema, "Mwanangu, hebu tutazame hapa pamoja." Wala hakuichukua ile kazi. Alimpa sindano ya kroshia, yeye akashika kitambaa kisivutike, akamwacha akinase mwenyewe, na dada alipokosea kipandio kimoja akamwonyesha kwa ncha ya kidole tu. Angemnyang'anya kazi na kuitengeneza upesi, sweta ingepona, lakini aliyeifuma angerudi nyumbani akiwa hajui kurekebisha chochote na akiwa amefedheheka. Paulo hasemi kosa lirekebishwe. Anasema mtu arejezwe.

Lakini si kila kosa linataka sindano ya kroshia. Kuna kitanzi kilichofumwa kinyume, kikaacha kinundu mahali palipopaswa kuwa laini. Kinundu hicho hakikimbii. Kitakaa palepale miaka yote, na mzee atakayejifunga skafu hiyo shingoni hatapata baridi kwa sababu yake. Mfumaji mwenye busara akikiona kwa mwenzake hunyamaza, labda aulizwe. Nimesikitika mara nyingi kuona jinsi katika ushirika wetu tunavyofanya kinyume cha hayo: tunamsema mwenzetu kwa lafudhi yake, kwa kitenge chake, kwa urefu wa maombi yake, yaani vinundu vitupu, na ilhali tunajua kwamba deni linamkaba, au kwamba ameanza kulewa kwa siri, au kwamba hasemezani na mama mkwe wake tangu mavuno yaliyopita, tunaliacha jambo hilo lifunguke kipandio baada ya kipandio, na ukimya wetu tunauita heshima.

Akina mama hawa hufuma pia kofia za watoto wachanga. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia hupoteza joto upesi, na kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganishwa na mwili wake, ndiyo maana hata anapowekwa kifuani mwa mama yake ngozi kwa ngozi, huvalishwa kofia. Kofia hiyo haitakiwi kuwa na uzi unaoning'inia ndani, kwa kuwa uzi mwembamba unaweza kujiviringisha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu. Anayeuona uzi huo katika kofia ya rafiki yake akanyamaza asije akamuudhi, amemhurumia rafiki na kumsahau mtoto. Kitabu cha Mambo ya Walawi 19:17 kinakataza kumchukia ndugu moyoni na papo hapo kinaamuru kumwonya jirani, kana kwamba kumwacha mtu na kosa linalomdhuru ni jirani wa karibu sana wa kumchukia.

Wazee wetu wa Uamsho, ile harakati ya kiroho ya toba na maungamo, walilijua jambo hili. Mji wetu wa Kabale ulikuwa na mkutano mkubwa mwaka 1935, na desturi ya kukaa pamoja, kuungama waziwazi na kutembea nuruni, kama 1 Yohana 1:7 inavyosema, ikaenea Afrika Mashariki. Nawaheshimu wazee hao kwa moyo wote, na sitaki nuru hiyo izimwe. Hata hivyo, inanibidi niseme kwamba mahali pengine tuliirithi nuru tukauacha upole: mtu alisimamishwa mbele za watu, kosa lake likatajwa, wimbo ukaimbwa, kisha kila mtu akaenda kwake na yeye akabaki na aibu yake. Aya ya pili haikufika.

Katika kufuma, aya hiyo ya pili huonekana pale kosa linapogunduliwa likiwa mbali sana chini, tuseme mkono uliopunguzwa vibaya tangu kwapani, na hakuna njia ila kufumua. Kazi ya jioni nyingi huondoka kwa dakika chache. Mwenye sweta akivuta peke yake, uzi hujilundika miguuni na kujisokota mafundo. Ndiyo maana mmoja huvuta na mwenzake hukunja donge, wakienda kwa mwendo mmoja, anayekunja akisubiri pale anayevuta anapokawia kwa uchungu. Hamwambii, "Nilikuonya." Anakunja tu, na mazungumzo yakiwapo ni ya watoto na ya bei ya viazi. Uzi wa sufu uliofumuliwa huwa na mikunjo, lakini ukifungwa fungu, ukaoshwa kwa maji ya vuguvugu na kuanikwa, hunyooka ukafumwa tena. Saa zimepotea, uzi haukupotea.

Inabaki sehemu iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kukubali kukaa mahali tunapoonekana. Katika Zaburi 141:5 Daudi anaomba mwenye haki ampige, akiihesabu karipio lake kuwa ni fadhili na mafuta kichwani. Wako dada zetu wanaofuma nyumbani peke yao, si kwa kiburi, bali kwa sababu siku moja walichekwa. Wako pia waliokaa kimya katika ushirika wetu kwa sababu iyo hiyo.

Katika maombi ya juma hili, tuwataje kwa majina wale walioacha kuja baada ya kusahihishwa kwa ukali, na ikiwa mmoja wao anaishi karibu nawe, mtembelee kabla ya Jumapili, wala usiende na hotuba. Kofia zilizokamilika ziletwe zikiwa zimefuliwa, na kila moja iwe imegeuzwa na kukaguliwa ndani na mtu asiyeifuma.