Suzanne Renaud, mgeni wa Petrkov

Nimeishi Grenoble mwaka wa kumi na moja sasa tangu nitoke Tanga, lakini jina la Suzanne Renaud sikulipata kwa Mfaransa yeyote. Nililipata kwa jirani yangu, bibi mmoja Mcheki, aliyeniazima kitabu cha mashairi chenye Kifaransa upande wa kushoto na Kicheki upande wa kulia.

Renaud alizaliwa Lyon mwaka 1889 na akaishi hapa Grenoble. Diwani yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1922, ilimfikia Bohuslav Reynek, mshairi na mchoraji wa kijiji cha Petrkov huko Ucheki, naye akamwandikia kuomba ruhusa ya kuitafsiri kwa Kicheki. Walioana mwaka 1926. Kwa miaka kumi hivi waligawa maisha yao baina ya Grenoble na Petrkov, kisha mwaka 1936 wakatulia Petrkov, ambako Renaud aliendelea kutunga kwa Kifaransa ingawa majirani wa kuyasoma mashairi hayo walikuwa wachache mno. Msomaji wake wa karibu alikuwa mumewe, ambaye ndiye pia aliyemtafsiri. Sisi tunaoandika Kiswahili huku watoto wetu wakisoma Kifaransa hatuhitaji kufafanuliwa upweke huo.

Mwaka 1944 Wajerumani waliwatoa katika shamba lao la Petrkov. Walirudi vita vilipokwisha, lakini serikali ya kikomunisti ikalitaifisha shamba, na Reynek akawa kibarua mchunga nguruwe katika ardhi ya baba yake mwenyewe. Picha zake zimejaa ua huohuo: mbuzi, paka, theluji, na Ayubu wa Biblia akiwa ameketi katikati ya dhiki yake. Ili kuzichapa, alikwaruza bamba la madini kwa sindano. Ncha inapopita huinua kingo ndogo zenye ncha kali, ambazo hushika wino na kuupa mstari ukungu laini kama manyoya. Kingo hizo husagika kila bamba linapopitishwa kwenye mashine ya kuchapia, kwa hiyo nakala nzuri huwa chache, na kuzitunza ni kazi isiyovumilia uzembe.

Renaud alifariki mwaka 1964, Reynek mwaka 1971. Wana wao, Daniel na Jiří, walibaki katika nyumba ile, wakipokea wageni waliokuja kuulizia habari za wazazi wao, hadi wote wawili walipofariki mwaka 2014; baadaye nyumba ikakabidhiwa jumba la makumbusho la fasihi ya Kicheki. Hapa Grenoble, chama kiitwacho Romarin kimekuwa kikichapisha maandishi ya wote wawili. Kwa maoni yangu hiki ndicho kilichofanya kazi ngumu zaidi, maana Wacheki wanamjua Reynek tangu zamani, ilhali Renaud alikuwa karibu asahauliwe katika nchi ya lugha yake.

Jumapili jioni bibi huja jikoni kwangu na kitabu chake. Mimi husoma kwa sauti ukurasa wa kushoto, yeye akanijibu kwa wa kulia, na tukifika mahali ambapo mume ameyakunja maneno ya mkewe kidogo ili vina vikae sawa, chai hupoa tukibishana.