Punje 31 za olivini

Kipande chenyewe hakizidi ukucha wa kidole gumba. Ni kimondo cha mawe cha aina iitwayo kondriti ya kawaida, kundi la L, cha kijivu, chenye chembe za chuma zinazometa ukiigeuza kwenye mwanga, na upande mmoja umekatwa na mshipa mweusi mwembamba kama uzi. Kwenye lebo kuna S3 iliyoandikwa kwa penseli. Hiyo S3 imeninyima raha kwa wiki mbili.

Madaraja hayo, S1 hadi S6, yalipangwa mwaka 1991 na Stöffler, Keil na Scott, na mpaka leo ndiyo tunayotumia kueleza kimondo cha mawe kiligongwa kwa nguvu kiasi gani kabla hakijatufikia. Unachukua kipande kilichosagwa hadi unene wa takriban milimita 0.03, unakiweka kwenye hadubini ya mwanga uliopolaraiziwa, yaani unaotetema katika mwelekeo mmoja tu, kisha unatafuta olivini, madini yaliyo mengi katika mawe haya. Punje isiyodhurika, ukizungusha meza ya hadubini, huingia giza yote kwa mpigo mmoja. Iliyogongwa kidogo hupitiwa na giza polepole, kama kivuli cha wingu shambani. Kwenye S3 hutokea nyufa zilizonyooka na kwenda sambamba. Kuanzia S4 punje huwa viraka viraka, kila kiraka na giza lake.

Shida ni kwamba kipimo ni jicho. Nimewahi kukaa na mwenzangu mbele ya hadubini moja, tukitazama punje ileile, tukainuka na majibu mawili. Hakuna aliyekuwa mzembe. Kivuli hakina namba.

Ndiyo maana nilikipeleka kipande hiki kwenye difraksheni ya eksirei. Eksirei zikipenya fuwele hurudishwa kwa pembe maalumu tu, kulingana na nafasi iliyopo kati ya tabaka za atomi. Mashine ninayotumia ina bomba la kobalti, kwa sababu miale ya bomba la shaba huchochea chuma kilichomo kwenye olivini kitoe mng'ao wake, na mng'ao huo hufunika kile unachokitafuta. Mwale ni mwembamba, mikroni 300, kwa hiyo naweza kulenga sehemu ndogo bila kusaga chochote. Kwa jiwe ambalo halitapatikana tena, hilo kwangu ni jambo kubwa kuliko yote.

Picha inayotoka kwenye kipokezi ndiyo niipendayo. Unga laini, wenye fuwele zinazoelekea kila upande, huchora duara kamili. Punje moja nzima isiyo na jeraha huacha doa dogo, kali. Punje iliyogongwa huacha doa lililovutwa kuufuata mkunjo wa duara, kwa sababu ndani yake vipande vidogo vimezungushwa digrii chache na havitazami tena upande mmoja. Unapima urefu wa mvuto huo kwa digrii, katika nusu ya kimo cha mwangaza wake, na sasa kile kivuli kina namba.

Siku ya kwanza nilikosea vibaya. Nilipata mstari mrefu ajabu nikafurahi, kumbe ni punje mbili zilizokaa bega kwa bega, kila moja na doa lake. Nilirudi kwenye hadubini, nikachora ramani ya punje kwa mkono, nikaanza upya. Nimepima 31.

Mbali na mshipa mweusi, mistari ni ya wastani na inakubaliana na ile S3 ya penseli. Ukiukaribia mshipa inarefuka, na katika sehemu mbili imekatika kuwa msururu wa madoa madogo. Hapohapo alama za plajioklezi, madini mengine ya jiwe hili, zinafifia. Mgongano mkali huigeuza plajioklezi kuwa maskelinaiti, kitu kilicho kama kioo, kisicho na mpangilio wa atomi wa kurudisha miale kwa pembe maalumu. Kwa hiyo alama iliyofifia nayo naihesabu kuwa ushahidi. Jiwe hili halikupokea pigo sawasawa kila mahali. Wimbi la mgongano hukwama kwenye vitundu na kwenye mipaka ya chuma na silikati (madini ya mawe kama olivini), na joto hujikusanya huko.

Namba nazo zina mipaka yake. Joto la baadaye huweza kuiponya olivini. Mtafiti wa vimondo Alan Rubin alilijadili hilo kwa kina mwaka 2004. Punje inayoonekana tulivu huenda iligongwa zamani ikapona, na doa lake fupi halitakuambia.

Sikuifuta S3. Chini yake nimeandika wastani wa mbali na mshipa, wastani wa karibu na mshipa, na idadi ya punje kwa kila upande. Kati ya hizo 31, ni 7 tu zilizo karibu na mshipa, na hazinitoshi. Kesho nageuza kipande, nianze na ukingo wa pili.