Jinsi nilivyoifanya modeli yangu itoe foleni

Mwaka 2008 watafiti wa Japani walionyesha magari 22 kwenye barabara ya duara ya mita 230 yakijitengenezea foleni bila kizuizi chochote. Modeli yangu ya kompyuta ya magari yanayofuatana ikagoma: kila mtikisiko, yaani badiliko dogo la kasi ya gari moja, ulitulia. Tatizo lilikuwa dereva wake, aliyeitikia papo hapo.

Nikachukua mlinganyo wa watafiti Chandler, Herman na Montroll wa 1958, ambamo mchapuko (kuongeza au kupunguza kasi) hutokana na tofauti ya kasi na gari la mbele iliyoonekana kitambo kidogo nyuma. Ucheleweshaji huo nikauweka sekunde 1. Programu sasa inatunza kasi zilizopita, na orodha hiyo lazima ijazwe kabla ya kuanza.

Ukali wa mwitikio (mchapuko kwa kila kipimo cha tofauti ya kasi) ukizidishwa kwa ucheleweshaji na jibu likazidi 0.5, mtikisiko hukua gari hadi gari. Kwa 0.4 ulififia. Kwa 0.6, wa nyuma walizidi kukanyaga breki kadiri msafara ulivyorefuka, ingawa kila dereva, akiangaliwa peke yake, hutulia!