Nikkor ya Olimpiki, toleo la 2000

Mwaka 2000 Nikon walifanya jambo ambalo mhasibu yeyote angelikataa. Waliifufua S3, kamera yao ya mwaka 1958 ya rangefinda, yaani unapata fokasi kwa kulinganisha taswira mbili kwenye kidirisha, wakaunda 8,000 za kuadhimisha milenia, kila moja yen 480,000. Watu husifu kamera. Mimi moyo wangu uko kwa lenzi yake: Nikkor-S ya milimita 50, f/1.4. (Nikkor ni jina la lenzi za Nikon; f hupima tundu la mwanga, na namba ikiwa ndogo tundu ni wazi zaidi.)

Wengi hudhani ni nakala ya ile iliyouzwa pamoja na S3 ya zamani. Sivyo. Ile ilifuata muundo wa Sonnar, namna moja ya kupanga vioo ndani ya lenzi. Hii ni ya muundo wa Gauss, mpangilio mwingine, na asili yake ni lenzi ya wakati wa Olimpiki ya Tokyo ya 1964; ndiyo maana wakusanyaji huiita Olimpiki. (Ni Tokyo hiyohiyo Wilson Kiprugut alipotutwalia shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Kenya kwenye Olimpiki. Basi na sisi tumo.) Maskini, ilizaliwa imechelewa: Nikon F, kamera ya kutazama moja kwa moja kupitia lenzi, ilikuwa sokoni tangu 1959, na wenye kazi zao walishahamia huko. Toleo la 2000 liliongezewa tu tabaka za kisasa za kuzuia mng'ao kwenye vioo.

Sasa sikiliza kabla hujatoa pesa. Lenzi hii peke yake haifokasi. Kwenye kamera hizi, parafujo inayosogeza lenzi za 50 imo kwenye kamera yenyewe. Unapachika lenzi, kisha unazungusha kigurudumu chenye meno karibu na kitufe cha kupigia, hadi taswira mbili zilaliane. Ukiinunua bila kamera, tafuta adapta yenye parafujo yake.

Yangu nilinunua mkononi, pamoja na kamera, imekwaruzwa vya kutosha kumkimbiza mkusanyaji. Huzunguka nayo Mji wa Kale hapa Mombasa, saa za magharibi, wazee wakiwa barazani. Kwenye f/1.4 uso husimama na pembe za picha hulegea kidogo, kwa upole. Ukifunga hadi f/4, matundu ya kofia ya vito utayahesabu. Haisogei karibu zaidi ya sentimita 90, kwa hivyo kikombe cha kahawa kijaze picha nzima, sahau.

Ziko nyingine bado boksini na karatasi zake, zinangoja bei ipande. Mali ni ya mwenyewe. Ila ukiniuliza mimi, chukua iliyokwaruzwa, chenji nunua filamu.