Mtaa Unavyosomeka kwa Miguu

Watu wanapousifu uamuzi wa kwenda kazini kwa miguu, hutaja afya na nauli inayookolewa, na yote mawili ni kweli. Lakini mimi naona faida kubwa zaidi ni kwamba mwendo wa takriban kilomita 5 kwa saa humpa mtu nafasi ya kuuona mtaa ulivyo, na hasa kupaona pale ambapo aliyeuchora na wanaoutumia hawakuelewana.

Chukua bustani iliyo katikati ya njia yangu. Njia yake rasmi imesakafiwa vizuri, inakwenda moja kwa moja hadi kwenye kona, kisha inageuka kwa pembe mraba, ilhali mtu anayewahi kazini hageuki hivyo. Wapitaji wamekata mshazari kwenye nyasi mpaka udongo umeshindiliwa ukawa mgumu kama sakafu, na mvua ikinyesha huanzisha kinjia cha pili kando ya kile cha kwanza ili wakwepe tope. Iliwahi kufungwa kamba ya kuwazuia. Haikuchukua muda ikawa imelala chini, na nyayo zikapita juu yake. Ingekuwa nafuu kusakafia palepale ambapo miguu imekwisha kuchagua, maana nyasi zile hazitarudi.

Mbele kidogo kuna kivuko chenye taa. Kwa muda mrefu wahandisi wengi wa barabara wamepiga hesabu ya muda wa kuvuka kwa kukadiria kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo barabara yenye upana wa mita 14 huhitaji sekunde 12 hivi. Mzee anayetembea mita 0.8 kwa sekunde huhitaji karibu 18, na hizo sita zinazopungua humkuta angali mbele ya magari. Hapo ndipo nilipomwona bibi mmoja mwenye mkongojo akifanya jambo ambalo mwanzoni sikulielewa: alifika taa ya kijani ikiwa imewaka, akasimama, akaiacha iishe, akangoja nyekundu yote ipite, kisha kijani kipya kilipowaka akashuka barabarani papo hapo bila kupoteza hata hatua. Hesabu yake ilikuwa bora kuliko ya aliyeitega taa. Madereva wanaopiga honi hapo, nadhani, hawajawahi kuvuka kwa miguu wakiwa na mzigo.

Kivuli nacho kina sheria zake. Asubuhi karibu sote huwa upande mmoja wa barabara, jioni tumehamia wa pili, na pale miti ilipokatwa ili njia ipanuliwe, upana umeongezeka lakini wapitaji wamepungua, kwa kuwa mti haukingi jua tu, bali hupoza hewa pia kwa maji yanayotoka kwenye majani yake.

Kinachoniudhi zaidi ni vigae vya njano vya kuwaongoza wasioona, ubunifu wa Seiichi Miyake wa Japani, ambavyo vilitandikwa kwa mara ya kwanza katika mji wa Okayama mwaka 1967. Lugha yake ni rahisi: mistari mirefu humwambia mtu aendelee kuifuata, vinundu vya mviringo humwonya kwamba kuna hatari au njia inageuka. Katika mtaa huu mistari imetandikwa kwa ustadi kabisa, imenyooka, rangi haijafifia, nayo inakwenda hadi kwenye nguzo ya chuma ya tangazo iliyosimikwa juu yake baadaye, bila kinundu hata kimoja cha tahadhari. Kijana mmoja mwenye fimbo nyeupe, ambaye hupita hapo karibu saa ileile ninayopita mimi, huiacha mistari hatua chache kabla ya nguzo, huzunguka kwa kushoto, kisha huirudia upande wa pili. Yeye amekwisha kuizoea. Mgeni asiyeona ataijua kwa paji la uso.