Ya mbele, nikamjibu

Toka Jumanne hii kitu imenikaa kichwani, ngoja niitoe. Yule bibi wa chumba namba 9, si mnamjua, wa chai kavu, mjukuu wake kamletea kitabu cha picha za bestiari, yani vile vitabu vya wanyama vya Kilatini, watu walivinakili kwa mkono na kuchora. Moja ipo hapahapa Oxford, maktaba ya Bodleian, inaitwa Bodley 764, ya karne ya 13. Akanifungulia tembo. Kabebeshwa ngome ya mbao imejaa askari, na bestiari zinasema hana magoti, so analala kaegemea mti, mwindaji anaukata nusu, jamaa akiegemea tu, puu! Analia, anakuja tembo mkubwa anashindwa, wanakuja 12 wanashindwa, mpaka kaje katembo kadogo ndo kamwinue.

Nikacheka kwa dharau. Nikasema bibi, kwetu hawa wapo kibao, magoti wanayo.

"Akilala anaanza kukunja ya mbele au ya nyuma?"

"Ya mbele."

"Ulimwona kwa karibu?"

"Karibu kabisa."

Jamani. Mimi tembo sijawahi kumwona, na kwetu Morogoro! Karibu kabisa ya wapi? Wiki hii tumehama nyumba, Kaka Idi kalipa mahari, mimi nipo kwenye karibu kabisa. Bibi akatikisa kichwa taratibu, sijui kaniamini au kanistahi. Halafu akafunua kurasa, kuna mtawa wa St Albans, Matthew Paris, mwaka 1255 mfalme wa Ufaransa alimpa Henry III wa Uingereza tembo, mtawa akamwona kwa macho yake akamchora, na magoti kamwekea. Mtawa wa Uingereza! Wale waliochora ngome angalau tembo walikuwa mbali nao, mimi nimepita mbuga ya Mikumi kwa basi mara ngapi?

Jana nampigia Kaka Idi kumpa hongera nikamsimulia, akacheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena: "We si walikuwepo wanne kando ya barabara, nikakuamsha, ukanisonya ukavuta kitenge usoni!" Nimecheka peke yangu jikoni kama chizi. Kumbe karibu kabisa ilikuwa kweli, macho ndo yalikuwa yamefumba. Jumatatu namwambia bibi, najua atataka kujua nilikuwa naota nini.