Funda la Pili

Mwaliko ulisema kwamba tungeonja mvinyo, bia na wiski pamoja na chakula, na ni hayo maneno ya mwisho yaliyonifanya nipande teksi kutoka Jinja hadi Kampala siku ya kazi. Katika hoteli iliyotupokea meza zilikuwa zimepangwa vizuri, mbele ya kila mgeni kulikuwa na glasi nne, na kijana aliyetuongoza aliijua kazi yake: alitueleza jinsi ya kuinamisha glasi ili kutazama rangi, jinsi ya kuizungusha taratibu ili harufu ipande, na kwa nini kinywaji chepesi hutangulia kile kikali. Tulionja mvinyo mweupe, tukaonja mwekundu, tukaonja bia, tukamalizia na wiski. Ndipo, ilipokaribia saa mbili usiku, chakula kilipotolewa jikoni na kupangwa kando ya ukuta kama cha harusi, wageni wakapanga foleni wakiwa na njaa, huku glasi zao zikibaki mezani zikiwa tupu.

Chakula kilikuwa kizuri na wapishi walistahili shukrani. Hata hivyo, jambo tulilolipia halikufanyika, na kwa kuwa nimeliona likikosekana katika hafla nyingine mbili nilizohudhuria tangu hapo, nimeona niliandike. Kuoanisha kinywaji na chakula hakufanyiki kwenye kadi ya mwaliko wala katika maelezo ya msimamizi. Hufanyika mdomoni, katika muda mfupi ulio kati ya tonge na funda. Funda la kwanza hukutambulisha kinywaji. Tonge linalofuata huacha mafuta, chumvi, uchachu au pilipili ulimini. Na funda la pili hukuta mdomo mwingine kabisa, hivyo kinywaji kile kile huweza kuongezeka utamu, kupungua ukakasi, kuwa kichungu au kuharibika. Aliyemaliza glasi nne kisha akala, ameonja vinywaji vinne na amekula chakula cha jioni, lakini hajaoanisha chochote.

Miezi miwili baadaye niliwaalika watu saba nyumbani kwangu: dada yangu na shemeji, wenzangu wawili wa kazini, jirani yetu mzee kutoka Soroti pamoja na mkewe, na binti wa dada yangu ambaye hanywi pombe. Kiasi nilikipima kwa kikombe kidogo cha dawa ya watoto, kile chenye alama za mililita: mililita 60 za mvinyo, 120 za bia na 20 za wiski. Kiasi hicho kinatosha mafunda matatu, yaani la kwanza, la baada ya tonge, na moja la kuhakikisha. Kila mtu alikuwa na maji yake, na bakuli la kutemea lilikaa katikati ya meza, kwa maana anayeonja vinywaji vitano anahitaji ulimi ulio macho hadi mwisho, na anahitaji pia kurudi nyumbani salama.

Tulianza na ngege, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sato, aliyekaangwa mzima na kukamuliwa limau, pamoja na mvinyo mweupe wa Chenin Blanc kutoka Afrika Kusini. Zabibu hizo asili yake ni bonde la mto Loire huko Ufaransa, lakini Afrika Kusini ndiyo inayozilima kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote. Uchachu wa mvinyo huo hufanya kazi ile ile ya limau: hukata mafuta ya kukaangia na kuuacha utamu wa samaki ubaki peke yake. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu walitarajia iwe hivyo.

Mshangao ulikuja nilipowaomba wale kipande kingine cha samaki yule yule, safari hii wakifuatisha funda la mvinyo mwekundu. Shemeji alikunja uso, akasema mdomo wake una ladha ya msumari. Hakukosea sana. Mwaka 2009 watafiti wa Kijapani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo mwekundu ndiyo chanzo kikubwa cha shombo linalobaki mdomoni baada ya kula vitu vya baharini, na kwamba kadiri madini hayo yanavyozidi, ndivyo shombo linavyozidi. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo zamani, lakini kulisoma si sawa na kumwona mtu mzima akinyoosha mkono kutafuta maji. Somo hilo halipatikani pale ambapo samaki yuko ukutani na mvinyo umekwisha.

Mvinyo mwekundu wenyewe ulikuwa Pinotage, aina ya zabibu iliyozalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na Abraham Perold kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Tulipouonja peke yake, wenzangu wa kazini walilalamika kuhusu ukakasi, nami nikawakumbusha ule ukakasi wa kutafuna ndizi mbichi, kwa sababu chanzo ni kimoja, yaani tanini, ambayo katika mvinyo hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Tanini hushikamana na protini za mate na kuufanya mdomo uhisi mkavu. Ilipoletwa nyama ya mbuzi ya kuchoma, yenye mafuta na chumvi ya kutosha, tanini zilipata kitu kingine cha kushika, na funda la pili likateremka laini kana kwamba chupa ilikuwa imebadilishwa. Jambo moja zaidi kuhusu mvinyo huo: ushauri wa kuunywa katika joto la chumba ulitoka katika nyumba za Ulaya za zamani, ambazo joto lake lilikuwa kama nyuzi 16 hadi 18. Sebule yangu saa kumi jioni hupita nyuzi 25, na mvinyo mwekundu ukinywewa hivyo hunusa pombe tupu, kwa hiyo mimi huiweka chupa kwenye friji kwa nusu saa kabla ya wageni kufika, na sioni haya kufanya hivyo.

Kwa bia sikuwa na mengi ya kufundisha. Nilichagua Nile Special, ambayo hutengenezwa ng'ambo tu ya mto, Njeru, na ina nguvu ya asilimia 5.6. Niliioanisha na rolex, ile chapati yetu iliyoviringishwa na mayai, nyanya na kabichi, iliyotengenezwa na kijana wa pembeni mwa barabara yetu na kuletwa ikiwa bado ya moto. Povu na uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, husafisha mafuta ya chapati, na kila funda huurudishia ulimi hamu ya tonge linalofuata. Binti wa dada yangu alikunywa bushera, kile kinywaji chetu kichachu cha mtama, na alinishinda kwa hoja: uchachu wa bushera, alisema, ulikwenda na samaki vizuri zaidi kuliko mvinyo wangu. Niliionja baada ya tonge la ngege nikamkubalia, na tangu siku hiyo bushera imo kwenye orodha yangu kwa haki yake yenyewe, wala haipo kwa sababu ya kumwonea huruma asiyekunywa.

Sasa nifike kwenye wiski, ambayo ndiyo iliyonifanya nianze kuandika. Nilikuwa na chupa moja ya Laphroaig, ya kisiwa cha Islay huko Uskoti. Huko kimea cha shayiri hukaushwa kwa moshi wa piti, yaani udongo mweusi wa mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, ambao huchimbwa, hukaushwa na kuchomwa kama kuni. Moshi huo huacha ndani ya kimea kemikali za aina ya fenoli, na baadhi yake, kama vile gwayakoli, ndizo zile zile zinazopatikana katika moshi wa kuni. Kwa sababu hiyo sikuandaa jibini wala zeituni. Niliandaa sangara aliyekaushwa kwa moshi, aliyepikwa polepole ndani ya mchuzi wa karanga hadi mchuzi ukawa mzito na rangi yake ikawa ya waridi iliyokolea, na matoke laini pembeni.

Funda la kwanza liliwakera karibu wote. Mwenzangu mmoja alisema inanuka bandeji, na mke wa mzee aliiweka glasi yake mbali kidogo na sahani, kwa adabu, kama mtu anayesogeza kitu asichotaka kimwagike. Nikawaomba wachovye matoke kwenye mchuzi pamoja na kipande cha samaki, watafune bila haraka, kisha wanywe tone tu. Kwa muda hakuna aliyesema neno. Moshi wa samaki ulikuwa umeshautangulia moshi wa wiski, na ulimi, ukiwa umezoea, haukuusikia tena kama kitu kigeni. Mafuta ya karanga yalikuwa yameutandika mdomo kiasi kwamba ukali wa pombe haukupata pa kuuma. Na kilichobaki juu kilikuwa utamu wa shayiri, pamoja na chumvi kidogo. Mama yule alirudisha glasi yake mbele ya sahani kwa vidole viwili, akanywa tena, kisha akaniuliza kama kuna mchuzi mwingine jikoni.

Baada ya hapo niliwatilia matone machache ya maji. Wapo wanaoamini kwamba maji huharibu wiski, na mimi siwaungi mkono. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walitumia kompyuta kuchunguza mwenendo wa molekuli, wakaonyesha kwamba wiski inapopunguzwa nguvu kwa maji, gwayakoli huelekea kukusanyika karibu na uso wa kinywaji, mahali ambapo pua huifikia kwa urahisi. Wageni wangu walinusa, wakatia maji, wakanusa tena, na hakuna aliyehitaji kuonyeshwa tofauti.

Kosa langu la jioni hiyo lilikuwa kachumbari. Niliiweka mezani kwa mazoea, ikiwa na pilipili mbuzi, na dada yangu akaila kabla ya funda la wiski. Pombe kali huichokoza mishipa ile ile inayochokozwa na pilipili, na vikikutana, kimoja hukichochea kingine. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na kwa dakika kumi zilizofuata hakuweza kuonja chochote. Mwenye kuandaa jioni kama hii na aiondoe pilipili mezani kabla wiski haijafika, au aihifadhi kwa ajili ya mvinyo wenye utamu kidogo, ambao huituliza.

Tulimalizia na chokoleti nyeusi iliyotengenezwa kwa kakao ya Bundibugyo, pamoja na wiski nyingine isiyo na moshi. Sheria ya Marekani inataka wiski ya bourbon ihifadhiwe katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyounguzwa ndani, na kwa kuwa kanuni hiyo haiwaruhusu watengenezaji kuyajaza mapipa hayo bourbon kwa mara ya pili, mengi huuzwa Uskoti, ambako wiski ni lazima ikae ndani ya mwaloni kwa miaka isiyopungua 3. Mbao hizo huipa wiski vanilini, kiini kile kile cha harufu ya vanila. Nilikuwa nimeweka mezani ganda moja la vanila ya Mukono, nikalipasua kwa kisu na kulipitisha kutoka mkono hadi mkono. Walilinusa ganda, wakanusa glasi, wakarudia, na mzee akasema kwamba kumbe hiki kitu tunakilima sisi.

Ni yeye pia aliyeuliza kwa nini waragi, pombe kali ya kwetu Uganda, haikuwepo. Lilikuwa swali la haki. Tangu mwaka 1965, sheria ya Enguli ilipopiga marufuku kukeneka bila leseni na Uganda Waragi ikaanza kutengenezwa kiwandani, kinywaji hicho kimekuwa sehemu ya maisha ya nchi hii, nami nilikiacha nje kwa sababu sikuwa nimekifikiria chakula chake. Dada yangu, akiwa amepona pilipili, alisema jibu ni ndizi ya gonja iliyoiva sana na kuchomwa mpaka kingo zikawa nyeusi. Nimeshajaribu tangu siku hiyo, na namuunga mkono.

Jumapili iliyofuata mzee alitualika kwake kwa ajili ya ajon. Chungu cha ulezi uliochachuka kilikuwa katikati, mkewe akiongeza maji ya moto kila kilipopungua, nasi tumekizunguka kila mmoja na mrija wake mrefu. Kabla sijavuta funda la kwanza, sahani ya karanga za kukaanga ilikuwa imeshafika magotini mwangu, na nyama ya kuchoma ilifuata kabla chungu hakijaongezwa maji mara ya pili. Nilimweleza habari ya foleni ya ukutani kule Kampala. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, kwa mshangao wa kweli, wale watu walikuwa wakitafuna nini muda wote huo.

Novemba, senene, wale panzi wa msimu, watakapoanza kuanguka, tutakutana tena nyumbani kwangu. Nitawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na vitunguu kidogo, na sahani itatoka jikoni kwanza. Chupa itafunguliwa sahani ikiwa imeshafika mezani.